Kadi ya Menna

Novemba imeingia Blaenau na mvua yake,
mvua isiyonyesha bali inayokaa,
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Nimeondoa sahani ya siagi, nimefuta meza,
nimemwambia Emrys ahamie chumbani na redio yake.
Leo meza ni yangu.

Karatasi nene, nyeupe, ya kukwaruza kidogo.
Vibati vya kukatia, vyembamba kama ukucha:
nyota, kengele, jani lenye miiba,
na ndege mdogo wa kifua chekundu
niliyemnunua kwa pesa za maziwa, sikumwambia mtu.
Kibati juu ya karatasi, bamba juu ya kibati,
nazungusha mpini.
Krrrk.

Sauti hiyo Emrys anaijua.
Miaka thelathini na mmoja alipasua mawe ya kuezekea,
kwa patasi pana na nyundo ya mti,
ubale kwa ubale, kama anayefungua kitabu.
“Jiwe lina mlango,” husema, “wewe ni kubisha tu.”
Siku hizi kikombe kinamcheka mkononi,
chai inamwagikia sahani.
Hata hivyo hupita nyuma ya kiti changu,
huokota nyota, huinua kwenye taa,
hufumba jicho moja.
“Kingo safi.”
Kwa Emrys, hiyo ni hotuba.

Kisha wino.
Buluu ya saa kumi na moja jioni, ya huku kwetu, Desemba.
Brashi haianzii katikati: inaanzia nje ya karatasi,
inaingia kwa mizunguko, kwa adabu,
maana wino ukitua kwa pupa haufutiki,
kama neno lililokuponyoka kwenye msiba.
Halafu vidole ndani ya maji, nyunyiza, subiri,
gusa kwa kitambaa:
kila tone limekula buluu, limeacha theluji.
Ni theluji hii tu tutakayoiona.

Muhuri wa *Nadolig Llawen* umechoka,
zile L mbili zimeanza kuegemeana.
Nami sinunui mwingine.

Daftari la majina, sasa.
Mwaka alioolewa Non yalikuwa arobaini na mawili.
Leo ishirini na saba.
Waliokwenda nimewapigia mstari kwa rula, mwembamba,
jina lisomeke chini yake.

Nimeandika hadi kumi na tisa bila kufikiri,
mkono unajua njia kuliko mimi,
na mkono ukaandika *Menna na*
ukasimama.

Idwal tulimzika Septemba.
Miaka yote hiyo, na sikuwahi kuiona ile “na”,
herufi mbili tu,
zimewabeba wote wawili kama mpini wa ndoo.

Kadi ile nimeitia jikoni, imeungua.
Nimekaa.
Chumbani redio inasoma matokeo ya raga.
Mezani kuna mabaki, yale tunayowashia moto asubuhi:
karatasi alimotoka ndege.
Mdomo upo, mkia upo, vijiguu kama nyuzi,
vyote vipo, kwa kutokuwepo.

Nimeiweka ile karatasi juu ya buluu.
Sikubandika ndege.
Tunduni mwake kumeingia anga, na theluji tatu,
moja mahali pa jicho, sikuipanga.
Ndani sikupiga muhuri. Nimeandika:
*Menna. Jumapili nitapika kondoo na vitunguu,
na viazi vingi mno. Njoo na viatu vyako vya ndani.*

Emrys amekuja kutafuta miwani iliyo kichwani mwake.
“Umesahau ndege.”
“Sikusahau.”
Ameichukua, ameinua kwenye taa,
jicho moja, kisha, ajabu, yote mawili,
muda mrefu kuliko nyota yoyote.
Hakusema lolote kuhusu kingo.

Ameirudisha mezani taratibu,
na pembeni, pale kidole gumba kilipotetemeka,
kuna alama ya chai, mviringo, kahawia.

Nilishika kitambaa.
Nikakiweka chini.